Weka Mkono Wako

Gari langu limefifia rangi mahali pamoja tu: pembe ya mbele, upande wa kushoto, juu kidogo ya taa. Kwingine kote linang'aa, maana mimi ni mtu wa kusugua. Wateja wakiiona alama ile huniuliza nani alinigonga. Nawaambia sikugongwa, pameshikwa tu. Wanacheka, wanadhani ni mzaha wa fundi, na mimi siwasahihishi.

Alipashika baba.

Namwona hadi leo. Amesimama mbele ya gari na ovaroli lake la buluu lililofubaa magotini, na mimi naaga, mkoba umeshaingia kwenye buti, ufunguo uko mkononi. "Ngoja kwanza," anasema. Anaweka kiganja pale kwenye pembe, anakilalia kwa uzito wake wote, kisha anaachia ghafla. Gari linashuka, linapanda, linatulia. Halitikisiki tena. Baba anatikisa kichwa yeye badala yake, anafuta mkono kwenye paja na kuuchukua ufunguo mkononi mwangu.

"Shokapu hii imekufa, mama. Huwezi kuondoka na gari hili leo."

Shokapu ile ilikuwa mpya. Nilikuwa nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe, pamoja na nyingine tatu, kabla tu ya safari hiyo. Nilizitoa kwenye maboksi yake katika duka nililokuwa nauza, na mafuta ya kiwandani yalikuwa bado yananuka juu yake.

Mtu asidhani kwamba baba hakuijua kazi yake. Watu walimwita Kipimo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Gereji yake ilikuwa mbele ya nyumba yetu, bati juu, sakafu nyeusi kwa oili, mahali pa magari mawili kama madereva wanapendana. Ukutani alikuwa amechora kwa rangi nyeupe umbo la kila spana, kubwa hadi ndogo, ili jioni kila moja irudi kwenye kivuli chake. Mama alikuwa akisema laiti angewachora na watoto vilevile, angejua ni yupi hajarudi nyumbani. Mtoto alikuwa mmoja tu, mimi, na nilikuwa chini ya gari.

Pale chini ndipo nilipofundishwa. Watu wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari, kwa hiyo gari likilala upande mmoja wanakuja dukani kuomba shokapu. Inayobeba ni springi. Ila springi ikishaguswa haijui kunyamaza, itacheza na kucheza, na kazi ya shokapu ni kuituliza. Ikichoka, gari huinamisha pua ukishika breki na kuyumbisha mkia kwenye kona, na tairi inaliwa mabakamabaka. Ukiipitishia kiganja unasikia mabonde na vilima. Ukichungulia chini unakuta mwili wa shokapu umelowa oili na vumbi limeganda juu yake. Baba alizijua dalili hizo zote, lakini aliyoiamini kuliko zote ni hiyo ya mkono. Alisukuma akiwa amefumba macho, na ole wako mwenye gari uongee wakati huo.

Akishasikia alichosikia, hakusema kitu. Alimgeukia mwenye gari. "Usiniamini mimi," alisema. "Weka mkono wako."

Kila mteja alisukuma. Mwalimu alisukuma, muuza nyama alisukuma, bibi harusi mmoja alisukuma akiwa na glovu nyeupe. Baada ya hapo baba alisubiri mpaka mtu mwenyewe aseme, "Kweli, linacheza," ndipo alipogusa spana. Na akimaliza kazi, vyuma vya zamani alivifunga kwenye gazeti na kumkabidhi mwenyewe, aende navyo nyumbani, asije akalala na wasiwasi kwamba ametapeliwa. Nusu ya nyumba za mtaa wetu zilikuwa na shokapu mbovu nyuma ya mlango.

Wakati mwingine, akiwa na furaha, alimtania mama kwamba yeye baba ndiye springi wa nyumba na mama ndiye shokapu. "Na mimi je, nani aliwahi kuniangalia kama navuja?" mama alimjibu, na baba akarudi chini ya gari haraka kuliko alivyotoka.

Mama alikufa mimi nikiwa nimeshahamia mbali, mji wa safari ya nusu siku, nikiuza spea kwenye duka la mtu. Ndoa yangu nayo ilikuwa imekwisha. Mume alichukua sanduku lake na feni, na sikuona haja ya kumtangazia mtu, hata baba. Jioni nilikula sahani ikiwa mapajani, redio ikiongea peke yake. Nilikuwa mpweke, nalisema wazi sasa kwa sababu wakati ule sikuwa na wa kumwambia. Katika nyumba yetu, neno "nimekukumbuka" halikuwahi kutamkwa. Ukimkumbuka mtu ulimwuliza gari lake linaendeleaje.

Ndiyo sababu siku ile, mara ya kwanza kwenda kumwona tangu mazishi, nilisimama nimeduwaa mbele ya shokapu mpya iliyotangazwa kufa. Nilifungua mdomo kumwambia. Kisha nikagundua kitu: hakuniambia niweke mkono wangu. Ufunguo ulikuwa umeshaingia mfukoni mwake, naye alikuwa ameshanipa mgongo, anaelekea jikoni, anauliza kwa sauti ya juu mno kama bado napenda ndizi zilizoungua kidogo.

Nilitoa mkoba kwenye buti.

Tulipika pamoja, tukaunguza kuliko nilivyopenda. Alinisimulia habari za lori moja alilolitengeneza kabla sijazaliwa, lililokuwa na breki za upande mmoja na dereva wa macho ya upande mmoja, wakaelewana. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Mama ndiye aliyekuwa akiongea, yeye alikuwa akikohoa mahali panapohitaji nukta. Asubuhi aliingia chini ya gari langu, akagonga hiki na kile, akatoka anajifuta. "Sasa nenda," alisema. Nilipofika kwangu niliinama kutazama. Vumbi lilikuwa bado limekaa juu ya kila nati, halijaguswa. Nilicheka peke yangu pale uani, na kicheko kikaishia kwenye machozi.

Tangu siku hiyo tukawa na mchezo ambao hakuna aliyeutaja. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, na kila nilipoaga alisema "ngoja kwanza". Alizitangaza shokapu zangu zimekufa zote nne, kwa zamu, bila upendeleo. Zilipokwisha akarudi kwenye ya mbele kushoto, marehemu wa kwanza, akaiua upya. Mimi nilianza kufunga nguo za siku moja ya ziada. Nilijua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na sikupata kupakwa mafuta matamu kama hayo. Kuna mtu mahali fulani alikuwa hataki niondoke. Barabarani nikirudi nilijirudia maneno yake kwa sauti, peke yangu ndani ya gari zima: huwezi kuondoka leo, mama, huwezi kuondoka.

Kisha mshonaji akapiga simu.

Mshonaji ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mwanamke anayetembea na futi ya kupimia shingoni hata akienda sokoni. Si mtu wa umbea, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

"Dada, sijui nikuambie vipi," alisema. "Ni huyu mzee wetu."

Alinieleza habari ya dereva wa pikapu ya maziwa. Dereva alimpelekea baba shokapu mbili mpya azifunge nyuma. Baba alizifungua zile mbovu, akazisafisha vizuri, akazifunga tena zile zile. Mpya akaziviringisha kwenye gazeti, akamkabidhi dereva. "Chukua vyuma vyako vya zamani," alimwambia, "usije ukasema Kipimo amekutapeli." Dereva aligundua amefika nyumbani na maziwa yamemwagika. Aliporudi alikuwa anacheka, akidhani ni utani. Baba alimtazama, akaitazama shokapu mpya mkononi mwake, akaitazama tena. Halafu akaenda kuvuta lango la gereji na kulifunga, mchana kweupe, dereva akiwa amesimama nje.

"Na sasa anatembea anasukuma magari yaliyoegeshwa," mshonaji alisema. "Ya watu wowote. Wengine wanamcheka."

Nilimwambia mzee amechoka tu, amekaa peke yake mno. Nilimwambia na mengine, nimeyasahau. Lisemwalo lipo, lakini masikio yangu yalitafuta kila njia ya kulikataa. Mkono ule haukuwahi kukosea. Hata alipokuwa akinidanganya ulikuwa hausemi uongo, mdomo ndio uliosema.

Siku hizo gari langu lilikuwa linaumwa kweli. Barabara ya kwetu ilikuwa imechimbika, na shokapu ya mbele kushoto, ile ile iliyouawa mara nyingi, safari hii ilikuwa imekufa bila kusaidiwa na mtu. Ilivuja hadi ikakauka. Tairi yake ilikuwa imeliwa mabaka. Nilichukua mpya dukani, nikaibeba hadi nyumbani, lakini sikuifunga. Niliiweka kwenye buti ndani ya boksi lake, nikaifunika kwa kanga. Nilimwomba tajiri wangu, mwenye duka, ruhusa ya siku mbili, nikaondoka na gari bovu kwa makusudi, mimi binti wa Kipimo. Nilijiambia: baba akiigundua, basi mshonaji anapiga chuku. Ataweka kiganja, gari litacheza, atasema imekufa, na kwa mara ya kwanza itakuwa kweli, na sote wawili tutajua kwamba ni kweli. Sikutaka kitu kingine duniani.

Nilikwenda polepole, malori ya mchanga yakinipita. Kila nikigusa breki gari lilipiga magoti. Usukani ulinitetemekea mikononi safari nzima.

Nilimkuta amekaa kwenye tairi kuukuu mbele ya gereji, ameoga, amechana nywele, ovaroli safi. Nafsi yangu ikatulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Gari linaendeleaje?"

"Linaendelea."

Tuliongea, tukala, tukaongea tena kesho yake. Alinisimulia lile lori la breki za upande mmoja, na nilicheka kama mtu asiyewahi kulisikia. Ila niliona ukuta. Spana kubwa kabisa ilining'inia kwenye kivuli cha ndogo kuliko zote, ikakifunika chote. Bisibisi ilikuwa mahali pa koleo. Michoro mingi ilikuwa mitupu, na spana zake zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye ndoo ya maji. Nilizitoa, nikazikausha, nikazirudisha wakati anasali kimya juu ya kikombe chake cha chai, au labda alikuwa anakitafutia jina.

Adhuhuri niliaga. Niliweka mkoba kwenye buti kando ya lile boksi, nikatoka na ufunguo mkononi, nikasimama mahali ninaposimama siku zote. Ng'ambo, mshonaji aliinua uso kutoka kwenye cherehani.

Baba alikuwa ananitazama tu. Niliogopa hatasema.

"Ngoja kwanza," alisema.

Alikuja kwenye pembe ile ile. Aliweka kiganja, akafumba macho, akalalia uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi tena, akaachia. Gari lilishuka, likapanda, likashuka, likapanda tena, likaendelea kunesa kama kitanda kinachorukiwa na watoto. Chini kitu kilikuwa kinalia kwikwi. Lilichukua muda wake mpaka kutulia. Baba alikuwa bado amefumba macho.

Sema, baba, niliomba moyoni. Sema imekufa.

Alifumbua macho, na uso wake ulikuwa umeangaza.

"Safi," alisema. "Hii imara kabisa. Usiniamini mimi. Weka mkono wako."

Miaka yote ile ya uongo hakupata kuniambia nisukume. Nilisogea nikaweka mkono kando ya wake. Tulisukuma pamoja, tukaachia pamoja, na gari likacheza chini ya viganja vyetu viwili. Nilihisi kila mnyanyuko hadi kwenye bega. Nilimtazama usoni kutafuta ule ujanja wake wa zamani, kona ya mdomo inayojizuia, jicho linalokwepa kuelekea jikoni. Haukuwepo. Alikuwa ananitazama kama alivyowatazama wateja wake maisha yote, kwa subira, akingoja mtu mwenyewe aseme.

"Si umesikia?" aliuliza. "Nenda, mama. Usichelewe, barabara ni nzuri saa hizi."

Nilitamani anidanganye. Nilitamani kwa roho yangu yote kwamba anadanganya, kwamba amechoka na mimi, kwamba ana mgeni anakuja, chochote. Lakini Kipimo hakuwahi kumruhusu hata adui yake aondoke na gari la namna ile, na hapa alikuwa anamruhusu mwanawe wa pekee, kwa moyo mweupe, akimtakia safari njema. Aliyekuwa akinizuia kila mara nisiondoke alikuwa ameshaondoka yeye.

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono kwenye futi yake. Ningeweza kusema, "Baba, linacheza." Neno moja tu, kama walivyosema wateja wote. Alikuwa analisubiri. Mkono wangu ulikuwa bado uko kando ya wake.

"Kweli, baba," nilisema. "Ni imara."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mshonaji aliinamisha uso akarudi ndani.

Nilifungua mlango wa gari. Nilikaa. Nikatoka tena.

"Ila kuna kitu, baba. Breki. Nikishika, nahisi kama inavuta upande mmoja."

Breki zile nilizijua kama ninavyojua meno yangu. Zilikuwa nzima, tena mpya.

Sijui ni nini kilimgusa, neno lenyewe au sauti yangu. Alikunja uso. Alizunguka gari akafika mlangoni, akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo vidoleni mwangu, taratibu, kama alivyokuwa akifanya.

"Breki?" alisema. "Breki si mchezo, mama. Kwa shokapu mbovu mtu anaweza kujikokota akafika. Lakini breki! Huendi popote leo."

"Siendi?"

"Hata kidogo. Nitaiangalia kesho. Toa mkoba wako." Alikuwa ameshanipa mgongo. Kutoka jikoni nikasikia akiuliza kwa sauti ya juu mno kama bado napenda ndizi zilizoungua kidogo.

Kesho yake hakuiangalia, wala keshokutwa. Ruhusa ya tajiri ilikwisha, nikapiga simu kuomba nyingine, na ilipokwisha hiyo tajiri alisema kwa upole kwamba spea haziwezi kujiuza zenyewe. Nilimwelewa. Nilihamia chumba changu cha utotoni na vitu vyangu vichache, nikaanza kupokea magari madogo madogo pale gereji, baba akiwa amekaa kwenye tairi yake ananielekeza. Mara nyingi alinielekeza kinyume. Wateja wa zamani walikuja, nikasukuma, nikawaambia wao wasukume, kisha nikamwomba Kipimo naye asukume. Alisema lolote alilosema, nasi tukaitikia kwa heshima. Dereva wa pikapu ya maziwa aliitikia kuliko wote.

Mchana mmoja, baba amelala, nilitoa boksi kwenye buti nikaingia chini ya gari langu. Gari bovu ni bovu, hata kama halina safari. Nilifungua shokapu iliyokufa, nikafunga mpya, nikaiviringisha ya zamani kwenye gazeti na kuificha nyuma ya mlango wangu. Alipoamka alikuja moja kwa moja kwenye pembe ya kushoto, akasukuma, akaachia. Likashuka, likapanda, likatulia.

"Si nilikuambia?" alisema.

"Uliniambia, baba."

"Na breki?"

"Bado."

"Basi usiondoke."

Likawa ndilo swali lake la kila asubuhi. Alilala jioni akiwa ameutundika ufunguo kwenye msumari ukutani, mahali palipochorwa spana iliyopotea, na asubuhi alikuja kuniuliza, chai mkononi, kama breki zangu zimepona. Aliniuliza hivyo hata zile asubuhi alizoniita kwa jina la mama. Aliniuliza na asubuhi alizoniamkia kama mteja mgeni, "Karibu, gari lina shida gani?" Nilimjibu bado, baba, na kila nilipojibu aliutoa ufunguo kwenye msumari akautia mfukoni mwake, akaupigapiga kwa nje kuhakikisha umekaa.

Ovaroli lake nililifua mwenyewe, baada ya mazishi yake, watu wote walipokwisha kurudi makwao. Nilikagua mifuko kwanza, kama mama alivyonifundisha. Ufunguo ulikuwemo.